Maswali ya wasomaji: Chakula cha safari ndefu ya miguu, ubebe, ununue ama utumiwe?

Mwezi huu meseji zimejaa mambo ya kutembea, nadhani ni kwa sababu tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, inakaribia na nusu ya Uganda inatafuta raba za kwenda nazo kuhiji Namugongo. Nimechagua zile za tumbo tu. Za malengelenge na magoti zingoje toleo linalokuja.

SWALI: Mjomba, salamu sana. Mimi ni mama wa hapa Busia, kikundi chetu cha kanisa kinatembea mpaka Namugongo, tuko watu 30 na watatu kati yetu ni wazee. Tumepata pikapu moja ya mizigo. Mwenyekiti anataka tununue kila kitu hapa Busia, unga, maharage, mafuta, sukari, tupakie, alafu tuwe tunapika mchana na jioni. Mimi naona hiyo kazi itatumaliza ila yeye anasema njiani tutauziwa bei ya wizi. Nani yuko sawa?

JIBU: Salamu mama. Mwenyekiti yuko sawa kuhusu jioni, wewe uko sawa kuhusu mchana, na mchana ndio safari yenyewe.

Tuanze na hesabu maana mwenyekiti wa aina hiyo bila hesabu hamtaelewana. Busia mpaka Namugongo ni kama kilomita 200. Mkiwa na wazee msijidanganye na kilomita 40 kwa siku, wekeni 25, hizo ni siku 8. Mtu aliyetembea kutwa anamaliza posho (ugali) ya unga gramu 300 bila kuulizwa mara mbili, kwa hiyo watu 30 ni kilo 9 za unga kwa mlo mmoja, na maharage kama kilo 4. Jioni peke yake kwa siku 8 ni kilo 72 za unga na 32 za maharage. Ukiongeza mchana unazidisha mara mbili, umeshapita kilo 200, na bado sukari, chumvi, sufuria, kuni, mikeka na mabegi ya watu 30. Sasa mzee akishikwa na mguu mtamweka wapi kwenye hiyo pikapu, juu ya gunia?

Lakini uzito sio hata tatizo kubwa. Shida ya kupika mchana ni kwamba watu hawatembei pamoja. Asubuhi mnatoka na wimbo, mstari mmoja, bendera mbele, ikifika saa nne vijana wako mbali huko na wazee wako nyuma kilomita tano ama sita. Pikapu itasimama wapi? Ikisimama na vijana, wazee wanafika saa tisa wanakuta ukoko. Ikisimama na wazee, vijana wamekaa juani masaa mawili wanangoja maharage yaive, na mwili ukishapoa hivyo kuusimamisha tena ni vita.

Kwa hiyo mchana gaweni pesa badala ya chakula. Fanyeni vikundi vya watu watano wanaolingana mwendo, kila kikundi na mweka hazina wake, anapewa pesa ya mchana kila asubuhi (ya siku hiyo tu, usimpe ya wiki nzima, unawajua watu). Barabara hiyo ya Busia haina njaa. Bugiri, Iganga, Jinja, na katikati yake vituo vidogo vingi, kila kituo kuna kijana wa chapati. Rolex ya mayai mawili na chapati mbili, ile unamwona anapiga mayai kwenye kikombe cha plastiki na kitunguu na kabichi, anamwaga kwenye kikaango, anabandika chapati juu, anageuza, anakunja, hiyo ukila saa tano inakufikisha saa tisa bila kelele. Imetoka kwenye moto mbele ya macho yako kwa hiyo hata usalama wake ni mzuri kuliko wali uliolala kwenye sufuria tangu asubuhi. Ukiwa Busoga kuna viazi vitamu vya kuchemsha kila mahali, bei ndogo, na karanga za kukaanga za kutia mfukoni. Mkikaribia Mabira mjipange kidogo, mle msituni kuna kipande kirefu hakuna duka, jazeni maji na karanga kabla hamjaingia, mkitokea Najjembe mtakutana na gonja (ndizi tamu za kuchoma) na nyama ya mshikaki zinawakimbilia zenyewe. Wale wauzaji wamezoea mabasi, wanakuja na vijiti kumi mkononi, chagua kilichotoka motoni sasa hivi na sio kile kilichozungushwa kwenye madirisha tangu saa mbili.

Jioni ndio mpike. Hapo wote mko mahali pamoja, mnahitaji kitu cha moto na kizito, na mkila pamoja mnajua nani anaumwa. Ila msinunue kila kitu Busia. Nunueni cha siku tatu, mkifika Iganga ongezeni, Jinja ongezeni tena, soko la Jinja ni kubwa na bei yake sio ya wizi hata mwenyekiti mwenyewe atakubali. Vya kununua nyumbani ni vile ambavyo mnajua ubora wake na havioni haya kusafiri: mukene mkavu (dagaa), karanga ya kusaga, unga wa uji, sukari, majani, chumvi. Maharage loweka tangu asubuhi kwenye jerikeni lenye mdomo mpana ndani ya pikapu, yakifika jioni yameshanywa maji na kuni zinapungua. Yale ya njano yanaiva upesi, yachukue hayo.

Hiyo hofu ya bei ina ukweli siku mbili za mwisho. Kuanzia Lugazi na Mukono mnakutana na watu wa kila upande, wengine wametembea kutoka Kenya, chakula kinaisha na kinachobaki kinapanda. Dawa yake ni simu. Wiki mbili kabla, piga simu kwa parokia ambayo mtalala, uliza kama kuna jiko na maji, alafu tafuta mwenye duka karibu na hapo, mtumie mobile money ya unga na mafuta akuwekee. Akishapokea pesa yenu mnakuwa wateja wake, hata mkifika usiku atafungua.

Wazee watatu watoke saa moja kabla ya wengine na wawe na pesa yao wenyewe na kijana mmoja mwenye akili. Na kila kikundi kiwe na pakiti za ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini), zikiisha tengenezeni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hicho kipimo msikikisie, chumvi ikizidi mnamharibu mgonjwa.

SWALI: Mjomba vipi. Sisi ni vijana wanne wa Kasese, tumekulia chini ya Rwenzori na hatujawahi kupanda, aibu hiyo. Tumeweka akiba ya kuzunguka ile njia ya Nyakalengija siku 7. Tunaambiwa tukijitegemea chakula bei inashuka. Plani yetu ni matooke, maharage na nyama ya kukausha. Kuna mahali juu kule pa kununua vitu vidogo vidogo?

JIBU: Hakuna. Ukishapita geti hakuna duka, hakuna mama wa mandazi, hakuna bodaboda wa kutuma. Yote mnayokula siku 7 yanapanda kwenye migongo ya watu, na hapo ndio plani yenu inaanza kuvunjika.

Matooke kwanza. Najua mtasema bila matooke sio chakula, ila sehemu kubwa ya ile ndizi ni maji. Kilo moja iliyomenywa ina kama kalori 1,200 hivi. Kilo ya mchele mkavu ni kama 3,600, na kilo ya karanga inapita 5,500. Mtu anayepanda kwenye matope kutwa nzima anachoma 3,000 mpaka 4,000 kwa siku, sasa fanya hesabu ya mikungu mingapi itapanda, na maganda juu yake, wakati kule juu maji yamejaa kila mahali! Bebeni vikavu, maji mtayakuta. Matooke chukueni kidogo ya usiku wa kwanza pale kambi ya Nyabitaba, mle muage nyumbani vizuri.

Maharage sasa, hapa sikilizeni. Ukipanda mlima maji yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha, karibu kila mita 300 unapoteza digrii moja. Nyabitaba iko mita 2,651, maji yanachemka kwenye digrii kama 91. Kambi ya Elena iko mita 4,541, ni kama 85. Sufuria inatoa mvuke, inaruka kifuniko, unaamini mambo yanaenda, na maharage ndani yamekaa tu yanakuangalia. Mtamaliza mafuta ya jiko lote kwa sufuria moja. Kama mnayataka lazima, yapikeni na kula Nyabitaba. Juu ya hapo ni mchele (nao utachukua muda mrefu kidogo kuliko nyumbani), tambi, noodles, uji, supu, viazi mbatata vilivyokatwa vidogo, karanga ya kusaga, mukene. Nyama kavu ni sawa ila ikate nyembamba kabisa ama itwangwe, kipande kikubwa kule hakilainiki.

Alafu kuna jambo la hamu. Ukifika Bujuku ambayo ni karibu mita 4,000, na zaidi Elena, chakula kinakukataa. Kichwa kinagonga, mtu anaona sahani anageuka. Kwa hiyo vile vitamu na vyepesi, biskuti, chai ya tangawizi na sukari nyingi, supu ya pakiti, uji wa soya, msivimalize chini huko mkiwa wazima mnacheka. Vifungeni pembeni na mviandike "Elena". Mfukoni pia kuwe na kitu cha kula huku unatembea, maana kwenye matope ya Bigo huna pa kukaa, unaruka kutoka nyasi moja kwenda nyingine na mguu ukikosea unazama mpaka gotini.

Wapagazi nao wanakula. Hii ndio watu wengi wanasahau wakisikia bei imeshuka. Tuseme mpagazi anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku, kwa siku 7 ameshajibebea kilo 7 zake kabla hajagusa mzigo wenu, na ukiongeza mzigo unaongeza mpagazi na mpagazi anakuja na unga wake, kwa hiyo kilo 10 za matooke zenu hazikai kilo 10. Kaeni na kampuni muulize wazi wazi: chakula cha wapagazi kiko juu ya nani, jiko gani linaruhusiwa, mafuta ya jiko ni ya nani. Kuni za mle sahauni, hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1991.

Kitu kimoja kizuri kuhusu hiyo njia, inazunguka. Mnatoka Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena, Kitandara, Guy Yeoman, mnarudi Nyabitaba tena. Basi chakula cha usiku wa mwisho mkipandishe mpaka kilele cha Margherita mita 5,109 kifanye nini? Ombeni kukiacha Nyabitaba mkiwa mnapanda, kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana kweli, panya wa kambini hawana adabu. Na wekeni siku moja ya ziada ya chakula, mvua na theluji zikiwashika Elena mnaweza kungoja siku nzima ndio mjaribu kilele, na aliyeishiwa chakula hangoji, anashuka. Kila kitu ndani ya mifuko miwili, Rwenzori inanyesha hata miezi wanayoiita ya kiangazi.

SWALI: Mjomba mimi niko Kampala, naangalia sana video za Wamarekani wanaotembea miezi mitano sita, nikaona wanajitumia maboksi ya chakula posta mbele ya safari. Je hiyo kitu inawezekana hapa? Nataka kutembea Kampala mpaka Fort Portal na rafiki yangu.

JIBU: Wale wako kwenye mambo mengine kabisa, ile njia yao ya Appalachian ni kama kilomita 3,500, imepita msituni na milimani kutoka Georgia mpaka Maine, na miji midogo inakuja kila baada ya siku tatu nne hivi. Boksi linalala posta ya kijiji likingoja mwenyewe aje na kitambulisho. Na hata wao wengi siku hizi wanaingia tu dukani, kwa sababu mtu aliyejifungia noodles za miezi mitano nyumbani, mwezi wa pili anaziona anataka kulia.

Wewe Kampala mpaka Fort Portal ni kama kilomita 300, Mityana, Mubende, Kyegegwa, Kyenjojo, lami mwanzo mpaka mwisho, na chakula kiko. Huhitaji boksi la unga. Unahitaji boksi la vile usivyovipata Kyegegwa: dawa zako, soksi, labda ile kahawa yako ya majivuno. Na posta yetu ni basi. Peleka mzigo ofisi ya basi asubuhi, lipa, chukua risiti, mtu wako Mubende anaupokea jioni ile ile. Kwa mji mdogo ambao basi halina ofisi, mpe dereva wa teksi unayemjua kwenye stage, na awepo mtu maalum wa kupokea, sio "acha hapo kwa mama wa nyanya". Usitume mapema. Mzigo uliofika siku nne kabla yako unazunguka kila rafu na kila kijana wa ofisi ameshaufungua kidogo kuangalia. Subiri mpaka ubakize siku moja ufike, ndio upige simu nyumbani watume. Jina na namba ya simu andika kwa maka kwenye boksi lenyewe pande mbili, karatasi ya kubandika ikilowa inatoka.

SWALI: Salamu toka Mbale. Tunataka kupanda Elgon kwa njia ya Sasa kutoka Budadiri, tufike kilele cha Wagagai, alafu tusirudi nyuma, tutokee njia ya Piswa mpaka Kapkwata. Chakula tupange vipi?

JIBU: Kama mlivyosoma kwa vijana wa Kasese, katikati hakuna duka, ila nyinyi hamrudi mlikotoka kwa hiyo hakuna cha kuacha njiani. Vitu vya maana nunueni soko la Mbale, Budadiri malizieni nyanya na vitunguu tu. Siku ya kwanza ya Sasa ni mbaya, mnapanda zaidi ya mita 1,500 na pale kwenye majabali ya Mudangi kuna ngazi, kwa hiyo mzigo wa begi la mtu binafsi uwe mdogo mno, vizito wapeni wapagazi na muwalipe vizuri. Usiku huo kuleni kile kizito zaidi mlichobeba hata kama hamna njaa nacho. Nguo safi na chakula cha siku ya kutoka vitumeni Kapkwata kwa mtu, mvikute vinawangoja. Malewa (machipukizi ya mianzi) mnayaonea aibu ya nini? Yale ya kukausha kwa moshi ni mepesi sana, mnayaloweka, mnayapika na karanga ya kusaga, nyinyi ni watu wa Mbale msinunue makopo.

SWALI: Hiyo odii ya Gulu (simsim na karanga za kusaga) inakaa muda gani bila friji? Natembea wiki mbili.

JIBU: Wiki mbili inakaa bila shida, simsim na karanga zimejaa mafuta na hakuna maji ndani. Kinachoiharibu ni kijiko chenye maji na chapati iliyochovywa ikaumwa ikachovywa tena, kwa hiyo toa cha kula pembeni kwanza. Nunua kwa mtu ambaye unaona karanga zake kabla hazijasagwa, zenye ukungu ama zilizosinyaa ziache, sumukuvu (sumu ya ukungu) haiishi kwa kukaanga. Iweke kwenye chupa pana yenye kifuniko cha kusokota, sio ile ndoo ndogo ya kubana, hiyo inafunguka ndani ya begi ikipata jua na mpaka Namugongo utanukia simsim hadi kwenye soksi.